Dawa Iliyokuwa Mfukoni

Chumba cha cherehani,
Alhamisi, 5 Juni

Mume wangu Mrefu,

Hali yako sikuulizi, maana leo hali inayonishughulisha ni ya kwangu. Ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini salamu zimekuwa fupi.

Ule mzigo wa suruali za kazi ulioniletea likizo, zako na za wenzako wa kambini, nimeanza kuushona Jumatatu. Unajua utaratibu wangu: kabla sindano haijagusa kitambaa, nageuza mifuko yote nje. Nimeshakuta misumari, vipande vya waya, pipi iliyoyeyuka, na mwaka jana jino la mtu. Safari hii, katika suruali iliyochanika goti, nimekuta tyubu ya dawa. Imebaki nusu, na imekunjwa kutoka nyuma kwa uangalifu, kama anavyokunja mtu asiyetaka kupoteza hata tone.

Nilidhani ni ya mikono yako, maana nyaya zinaichubua. Nikaenda nayo duka la dawa kukununulia nyingine. Cheka tu. Nilitaka kukununulia nyingine! Mfamasia akaisoma, akashusha sauti, akaniuliza, "Ni yako au ya mwenzio?" Watu wanne waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakanyamaza wote kwa pamoja ili wasikie vizuri. Akasema ni dawa ya hepesi, yale malengelenge yanayotoka sehemu za siri, yanayoambukiza kwa kugusana miili, tena hayaishi moja kwa moja mwilini. Alikuwa bado anaongea nilipotoka. Sikuona njia, niligonga mlango wa kioo kwa paji la uso.

Umeondoka Ijumaa iliyopita, na siku tano ulizokaa hapa hatukuzimaliza kwa kucheza karata. Tangu Jumatatu, kile kioo cha mkono cha wateja nakitumia kwa kazi ambayo hakikununuliwa kwayo. Kila kinachowasha nakiona ndicho. Jana niliwashwa kiunoni nikalia, kumbe ni uzi ulionasa kwenye sketi.

Ni karani wa stoo, sivyo? Yule anayewagawia glavu. Mwezi wa tatu uliniandikia kuwa anacheka sana. Mwezi wa nne ukaniandikia kuwa amebadilisha mtindo wa nywele. Mwezi wa tano hukumtaja kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kumwogopa.

Laiti simu zingeshika huko bondeni, ningekupigia nisikie ukikosa pumzi. Dereva wa lori la vifaa analala kwenu kesho na kurudi Jumamosi. Mpe jibu. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, nakufahamu.

Mkeo,
Fundi


Kambini,
Ijumaa, 6 Juni

Mke wangu Fundi,

Barua yako nimeanza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimeketi juu ya ndoo. Yaani mtu anapanda nguzo kutwa nzima, jua linamchoma kisogo, anashuka akitegemea neno tamu la mkewe, anakuta kesi!

Tuliza roho. Tyubu si yangu, ni ya Pacha. Suruali zetu tunafua kwenye pipa moja, namba za kiunoni zimefutika, kila mtu anaokota inayomkaribia. Hiyo yenye goti ni yake, iliingia kwenye mzigo na dawa yake mfukoni. Nimemvuta pembeni nikamuuliza. Ameinamisha kichwa. Amesema ni mambo ya zamani, kabla hajaoa, na ameniomba yaishie kwangu. Nami naomba yaishie kwako. Kazi yetu unaijua: mimi nikiwa juu, yeye yuko chini na ufunguo wa swichi, na hakuna mkono mwingine unaogusa umeme mpaka niwe nimekanyaga ardhi. Mtu wa namna hiyo humtangazi. Hasa mkewe Msusi asijue, na hiyo mimba ya miezi mitano yenye hasira za miezi tisa.

Karani wa stoo ana miaka hamsini na tano na wajukuu wawili. Anacheka kwa sababu ametia meno mapya na anataka yaonekane.

Sasa na mimi nina swali. Huyo mfamasia ndiye yule anayefunga tai hata Jumapili? Nilimwona likizo akikupima kwa macho kuliko wewe unavyowapima watu kwa tepu. "Mwenzio", "mwenzio", alitaka kujua kama unaye? Dawa za mikono yangu niachie mwenyewe. Na hao wanaume wanaokuja kupimwa viuno waambie waje na vipimo vimeandikwa kwenye karatasi.

Mumeo asiye na kosa,
Mrefu


Chumba cha cherehani,
Jumatano, 11 Juni

Mume wangu mpenzi,

Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu hadi mteja akauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nisamehe. Wivu ukinishika huwa sisikii wala sioni, unajua, ulinioa ukiwa na taarifa. Nimekirudisha kioo mahali pake. Hata kuwasha kumekoma, ajabu kabisa.

Mfamasia ni mtu mzima, ana mke na tumbo. Lakini nimefurahi ulivyofura. Nilidhani ni mimi tu ninayeumwa.

Siri ya Pacha itabaki kwangu.

Alhamisi, 12 Juni

Mrefu, naendelea kesho yake, na naomba usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Msusi amevuka ukumbi leo asubuhi kutoka saluni kwake, kaleta gauni nilifungue ubavuni maana halimwingii tena. Nikampitishia tepu tumboni. Mtoto akapiga teke, tepu ikaruka vidoleni mwangu, tukacheka wote wawili. Halafu mimi nikashindwa kuendelea kucheka. Jana nilipita tena duka la dawa (ndiyo, nilipita, na alikuwa na tai) nikauliza, bila kutaja mtu, kama ugonjwa huu una ubaya kwa mama mjamzito. Akasema mama akiupata upya mimba ikiwa kubwa, mtoto anaweza kudhurika vibaya wakati wa kuzaliwa, na kwamba kliniki wakijua mapema wana namna ya kumkinga. Wakijua mapema, Mrefu. Pacha alikuwa nyumbani mwezi wa nne. Ningekaa kimya vipi na tepu yangu juu ya tumbo lake?

Nikamwambia. Nilisema taratibu, nikamkalisha kwanza. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Amekiri?" Nikasema amekiri kwa Mrefu. Akaniuliza tena, "Kwa Mrefu, sio kwangu?" Akatoka, akaniachia gauni limefunguliwa upande mmoja. Sasa hivi ameleta bahasha nimpe dereva pamoja na hii, na ameibandika gundi mara mbili.

Kaa karibu na Pacha atakapoisoma.

Mkeo,
Fundi


Kambini,
Ijumaa, 13 Juni

Fundi! Nilikuambia nini? Niliandika kwa wino au kwa maji?

Pacha ameisoma barua ya mkewe amekaa juu ya roli, lile gurudumu la mbao la kuviringishia nyaya. Alivyomaliza aliigeuza nyuma, kama mtu anayetafuta kilichobaki. Nikadhani atanijia mimi, lakini hajui kuwa limetoka kwangu. Msusi hakuandika kalijulia wapi, kaandika tu kwamba anajua, na kwamba asimsogelee mpaka apimwe. Pacha anaapa kwa mama yake kwamba hajawahi kuota hata chunusi huko. Anasema: kama mke wangu anaujua ugonjwa huu mpaka na dawa yake, basi ameujua kwa mtu. Bila shaka anakana kwa sababu ya aibu, lakini ndivyo anavyosema.

Halafu akaanza kuhesabu. Alichukua chaki ya kuwekea alama nguzo, akaandika ubavuni mwa roli tarehe za likizo yake ya mwezi wa kwanza, akahesabu wiki za mimba kurudi nyuma. Amehesabu mara sita. Kila mara anakosa siku nne. Nimemwambia hata kliniki wanakisia tu, hakuna anayejua siku yenyewe. Akaniambia, "Wewe ni rafiki mwema, unanifariji." Sasa hivi anaandika. Anabonyeza kalamu mpaka karatasi inatoboka.

Sikiliza, kuna njia. Mwambie Msusi mfamasia alikosea. Mwambie aliisoma tyubu vibaya, kumbe ni dawa ya fangasi za miguu, ambazo huku tunazo wote. Msingizie yeye, ana tai, atavumilia. Umwambie kabla hajapata barua ya Pacha.

Mumeo,
Mrefu


Chumba cha cherehani,
Alhamisi, 19 Juni

Mrefu,

Barua ya Pacha ilimfikia mwenyewe Jumamosi saa nane mchana, kabla mimi sijafungua ya kwako. Msusi alikuwa anasuka. Aliisoma, akaikunja, akavua aproni, akaondoka kwenda kwa mama yake na mkoba mmoja. Mteja alibaki kwenye kiti, kichwa kimesukwa upande wa kushoto tu. Amekuja kwangu kuuliza nusu ya pili atamaliziwa na nani. Nikamfunga kitambaa, akaenda zake analia, nami nikabaki nalia.

Pacha amemwandikia kwamba mtoto si wake.

Ndipo nikaifungua barua yako, na nikaisoma kama ninavyokagua mshono wa fundi mwingine. Tarehe sita uliniandikia kwamba Pacha aliinamisha kichwa na kukiri. Tarehe kumi na tatu unaniandikia kwamba Pacha anaapa kwa mama yake. Mtu aliyekiri kwako wiki iliyopita anawezaje kukuapia wiki hii, na wewe usimkumbushe? Nikaenda kwenye mzigo nikaitoa ile suruali ya goti.

Inchi thelathini na nne, Mrefu, kutoka msambani hadi chini. Pacha anavaa thelathini, nimemshonea suruali ya harusi kwa mkono wangu. Akivaa hii atakuwa anafagia kambi. Na pindo la chini limeshonwa mara mbili kwa uzi wa bluu, kwa sababu mwaka jana mweusi uliniishia. Pindo langu hilo. Lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote hizi, na sikupima, kwa sababu barua yako ilikuwa na neno nililolitaka. Mimi, ambaye sikati kitambaa cha mtu bila kupima mara mbili! Kwa ajili yako nimekata nyumba ya watu kwa kukisia.

Kwa hiyo tyubu ni yako. Ugonjwa ni wako. Umeshika jina la mtu anayekulindia uhai ukalitupia matope, kumficha nani? Huyo mwanamke ni mzuri kiasi gani? Ana nini mpaka Msusi alale kwa mama yake, na mtoto akataliwe kabla hajazaliwa, ili mradi yeye asitajwe? Namwona kila mahali. Juzi aliingia dada mmoja kushonewa blauzi, akasema ametoka pande za huko kwenu, nikamchoma pini begani. Sikukusudia, lakini sikujuta pia.

Kama ni karani, sema ni karani. Miaka hamsini na tano nitaiheshimu, nitamwamkia. Lakini sema.

Kioo nimekitoa tena.

Fundi


Kambini,
Ijumaa, 20 Juni

Mke wangu,

Hakuna mwanamke. Angekuwepo ningejua namna ya kumkana, wanaume wote hapa wanajua.

Tyubu ni yangu. Ni ya mdomo. Nilikuwa na miaka saba. Shangazi aliyenilea alikuwa akitokwa na malengelenge kwenye kona ya mdomo, na alizoea kunibusu na kunionjesha kwa kijiko chake. Yakanitokea na mimi, na hayajaacha kurudi. Jua kali, homa, vumbi, uchovu, basi yanakuja: kwanza panatekenya, halafu panawaka, halafu vinatoka vilengelenge kama mchele. Shuleni niliitwa Mdomo Umeoza. Sio siku moja, miaka minne. Dada mmoja niliyempenda alihamisha dawati. Nikaapa kwamba nikiwa mtu mzima hakuna atakayeniona navyo.

Unakumbuka niliahirisha wiki ya posa nikasema nina malaria? Ulikuwa mdomo. Unakumbuka nilivyokuwa nafunga skafu wakati wa msiba wa baba yako, ukasema nina huzuni kuliko wanawe? Mdomo. Ningekuambia mwaka wa kwanza, lakini ulikuwa unanitazama vizuri sana, nikaona nisiharibu.

Safari hii vilitoka wiki mbili kabla ya likizo. Tabibu wa kambi akanipa ile tyubu, akaniambia nisimbusu mtu mpaka ngozi iwe imepona kabisa. Kigaga kilianguka siku moja kabla sijapanda lori. Nilijitazama kwenye kioo cha dereva nikajiambia imepona. Nilikuwa sijakuona wiki nane, Fundi. Nikakubusu kila mahali, na huko unakokukagua kwa kioo pia. Nimemuuliza tabibu jana. Amesema ndiyo, ya mdomoni yanaweza kuhamia huko kwa njia hiyo. Nimekaa na jibu hilo tangu jana na sijala.

Ulipoandika "sehemu za siri" nilisikia tena lile jina la shule, na mkono wenyewe ukaandika Pacha. Nilidhani ni uongo mdogo wa kukutuliza.

Pacha sijamwambia. Hana chuki na mimi, hilo ndilo linaloniua. Jana nilipanda nguzo ya saba, naye alishika ufunguo kama siku zote, macho kwangu, hakutazama pembeni. Niliposhuka akaniuliza, "Ungekuwa wewe, ungemfukuza?" Nikasema, "Subiri kwanza." Naomba wewe ndiye umweleze Msusi, naye amweleze mumewe. Ninyi wanawake mnajua kuongea.

Mumeo,
Mrefu


Chumba cha cherehani,
Alhamisi, 26 Juni

Mrefu,

Nimekwenda zahanati. Muuguzi ni mama mmoja mpana asiyeshusha sauti kwa mtu yeyote, hata kwa mambo ya kushushia sauti. Nilimweleza yote, akanikagua, akasema hakuna kitu. Akasema mara nyingi vidonda hujitokeza ndani ya wiki mbili, nami nimepita, lakini hilo si hati ya kuwa salama, maana wengine wanacho kirusi na vidonda haviwatoki kamwe. Nikiona lengelenge lolote nikimbie kwake siku hiyo hiyo achukue kipimo. Ikitokea ninacho, kuna vidonge, na maisha yanaendelea. Akaniuliza kama utotoni nilibusiwa na mashangazi. Nikasema nina mashangazi saba. Akacheka, akasema basi huenda ninacho tangu utotoni, na wewe ni mgeni uliyechelewa tu. Nilipita pia kwa mfamasia. Akaniambia, "Dada, nilikuwa nakuambia kwamba hutoka na mdomoni, ukanifungia mlango kwa kichwa."

Naamini kwamba hakuna mwanamke. Ungedhani ningefurahi. Wiki tatu nimeishi na mwanamke yule, nimempa nywele, nimempa sauti, nimemshonea hata magauni kichwani nikayapasua. Sasa hayupo, na wivu wangu bado upo, umekaa tu. Nimejiuliza namwonea nani wivu. Nimegundua naionea hiyo aibu yako. Imekujua tangu una miaka saba. Imelala katikati yetu miaka yote hii, ikaja kwenye posa, ikaja kwenye msiba wa baba yangu. Hiyo uliiambia kila kitu. Mimi uliniletea suruali nishone.

Mimi nisingehamisha dawati, Mrefu. Hilo linaniuma kuliko yote, kwamba ulinihesabu pamoja na yule.

Lakini mimi na wewe tutakwaruzana baadaye, tuna muda. Msusi hana. Nilikwenda kwa mama yake Jumapili, mama mtu akanizuia mlangoni, akasema binti yake hali wala haongei, na kwamba ameshasikia ya kutosha kutoka kwa mafundi. Hata angenipokea, nisingekusemea. Mimi nina kosa langu na nitalibeba mwenyewe. La kwako ulilianzia kwa Pacha, na kwa Pacha ndipo utakapolimaliza, kwa sauti yako, yeye akikutazama. Ukishindwa, likizo usije hapa. Nenda kwa shangazi aliyekulea.

Fundi


Kambini,
Jumamosi, 28 Juni, asubuhi

Shemeji Fundi,

Ni mimi, Pacha. Mumeo ameniomba niandike, kwa kuwa anasema barua zake hazina thamani tena kwako. Dereva anapasha injini, nitakuwa mfupi.

Leo wakati wa chai alisimama juu ya benchi mbele ya watu wote kumi na watatu. Alisema akiniambia faragha ataongopa tena, anajijua. Akasema habari za mdomo wake, tyubu, barua aliyokuandikia na jina langu ndani yake. Alitetemeka kuliko siku yake ya kwanza juu ya nguzo. Alipomaliza, karani wa stoo akasema, "Ndiyo hayo tu? Mimi hunitoka kila msimu wa baridi." Msimamizi akasema na yeye. Wakawa wanahesabiana, wakafika sita. Kijana wa rangi akauliza kama tyubu imebaki. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Hata mimi nilicheka, shemeji, nakiri. Nilitaka kumpiga na nilikuwa nacheka.

Halafu nikakumbuka barua yangu ya tarehe kumi na tatu.

Nimemwambia mumeo kwamba lake nitalimeza, ingawa sijui lini. Sitapanda wala kushika ufunguo naye wiki hii, nimeomba nibadilishwe. Lakini alilolisema yeye ni kwamba nina ugonjwa. Hakuniambia nihesabu siku. Hakuniambia mtoto ni wa mtu mwingine. Huyo mtu nilimtunga mwenyewe, nikampa na sura, alikuwa mfupi kama mimi ila ana pesa. Sikumuuliza mke wangu neno moja. Niliandika mambo ambayo nikiyakumbuka natamani lori lile lingepata pancha.

Nimepewa ruhusa. Nitashuka na lori la Jumamosi ijayo, tarehe tano. Naomba unitangulie kwake. Usinitetee. Muulize tu kama nikibisha atafungua.

Shemeji yako,
Pacha


Chumba cha cherehani,
Alhamisi, 3 Julai

Shemeji,

Nimefika. Safari hii nilikaa barazani kwa mama yake tangu asubuhi hadi jua likanihamisha upande wa pili, ndipo nikaitwa ndani. Amekonda usoni, tumbo limekua. Kliniki amekwenda, wamemkagua, wamesema hakuna walichoona, na wamemwandikia kwenye kadi wamwangalie tena karibu na kujifungua. Nikamwambia hilo moja angalau ni jema, akanijibu, "Afadhali."

Nilimweleza yote, la Mrefu na la kwangu. Nilimwambia kwamba niliyapokea maneno kwa sababu yalinifaa, nikamkabidhi yeye moto uliokuwa wangu. Hakunifukuza na hakunisamehe. Aliniambia gauni lake bado liko kwangu limefunguliwa upande mmoja, nilimalizie. Neno hilo nimelichukua kama zawadi.

Mrefu mwambie kwamba nimesikia habari za benchi. Nililia, na nilimwonea wivu karani wa stoo kwa kuwa alikuwepo na mimi sikuwepo. Aje likizo yake. Kama mdomo una kidonda, aje nao hivyo hivyo niuone.

Sasa la kwako. Nilipomaliza kuongea Msusi aliuliza kitu kimoja tu: "Na ile barua ya Pacha, nani alimwandikia?" Nikasema aliandika mwenyewe. Akatikisa kichwa. Kisha akanipa jibu lako, akanifanya nilirudie mara mbili ili nisilipunguze.

Ukibisha atafungua. Hutaeleza chochote wala hutaomba radhi kwanza. Barua yako anayo, ameitunza. Atakupa, utakaa chini mbele yake, na utamsomea mtoto barua hiyo kwa sauti, kuanzia salamu mpaka jina lako, bila kuruka neno. Muuguzi amemwambia kwamba kwa miezi hii mtoto tumboni ameshaanza kusikia.

Shemeji yako,
Fundi